Maua ya Ndani ya Mama Esta

Ukiolewa na mwalimu wa serikali, umeolewa na uhamisho. Mume wangu Odera alipangiwa shule ya Morotonga, nje kidogo ya Mugumu, mwaka ule watu walipokuwa wanatolewa kwenye miji yao ya zamani na kupangwa pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mimi Dorka ni Mjaluo, nimezaliwa upande wa Kenya karibu na Migori, na Kikurya sikujua hata cha kuombea maji ya kunywa. Nilishuka kwenye lori na mwanangu Owiti mgongoni, sufuria zangu kwenye gunia, na kopo lenye ua ambalo mama yangu alinipa siku ya kuondoka. Nyumba za kijiji zilisimama kwa mistari, udongo wa kuta ukiwa bado mbichi, na kila mtu alikuwa mgeni kwa jirani yake. Hilo lilinifariji kidogo.

Desturi ni mwenyeji kuja kumsalimia aliyefika. Jirani yangu wa karibu hakuja.

"Yupo, lakini hainuki," mama mmoja aliniambia kisimani. "Ukitaka kumsalimia, nenda wewe."

Nikaenda. Ndani mlikuwa na giza na moshi. Kwenye kitanda cha kamba alilala mwanamke wa makamo mwenye uso mpana, mguu mmoja umefungwa vipande vya miti kutoka kiunoni mpaka chini ya goti. Nilipopiga hodi aligeuza kichwa tu.

"Karibu, mke wa mwalimu. Nasikia mtoto wako analia sana. Ni meno?"

"Ni meno, mama."

"Msugue fizi kwa kidole kisafi. Mengine yatajimaliza yenyewe."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Jina lake ni Agustina Wegesa, lakini kijiji kizima kilimwita Mama Esta, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa mbali, kule Genkuru. Siku ya kuhama, lori lililobeba vyombo vyao liliteremka korongo vibaya, mzigo wa nguzo ukalegea, na nguzo mbili zikaviringika zikamwangukia pajani. Mfupa ukavunjika. Mzee mmoja fundi wa kuunga mifupa aliletwa, akaunyoosha, akaufunga, akasema alale asitikisike. Kwa hiyo Mama Esta aliingia katika nyumba yake mpya akiwa amebebwa, na tangu aingie hakuwa amewahi kuiona kwa nje.

Aliniambia jambo moja ambalo sikulisahau. Alisema mtu aliyezoea kushika jembe tangu alfajiri akilazwa, mikono humuuma kuliko mguu.

Waliokuja kumwona walimletea uji wa ulezi, maziwa ya mgando na maneno ya Mungu. Mumewe alimletea mmea. Simoni Mwikwabe alikuwa mtu mrefu, mchunga ng'ombe, mwenye maneno machache mpaka ukadhani amekukasirikia. Siku moja alirudi kwenye mahame yao kuchukua jiwe la kusagia lililoachwa, na chini ya ghala la zamani akaliona lile jani la mkonge mdogo wa porini, lenye mabaka meupe, lililosimama kama panga, ambalo walizoea kulitoa nyuzi za kufungia ndama. Akaling'oa na mizizi yake, akalipanda kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka karibu na kitanda.

"Hili linafanya nini humu ndani?" mkewe alimwuliza.

"Linakaa," Simoni alijibu. "Kule kwetu limekaa miaka yote, hakuna aliyelimwagia maji. Hapa pia litakaa."

Mama Esta alilia. Aliniambia mwenyewe kwamba hakulia kwa huzuni. Alilia kwa sababu alikuwa amemdhania mumewe hajui kwamba anakumbuka kwao.

Baada ya hapo akaanza kutaka mengine. Alisikia kwamba mimi nina ua kwenye kopo, akaniomba nilipeleke alione. Lilikuwa lile lenye majani marefu membamba kama nyasi, mstari mweupe katikati, ambalo hutoa vikonyo virefu vyenye watoto wanaoning'inia. Mama yangu alilipata Migori kwa mke wa Mhindi mwenye duka, ambaye mama alikuwa akimfulia nguo. Nilikata mtoto mmoja, nikamweka kwenye kikombe cha maji mpaka akatoa mizizi, nikampelekea Mama Esta. Alimshika kwenye kiganja kama anavyoshikwa kifaranga.

"Huyu ametoka Kenya?"

"Ametoka kwa mama yangu."

"Basi amenizidi safari. Mimi hata Tarime sijafika."

Habari zikaenea, na watu wakapata sababu nyepesi ya kumtembelea mgonjwa. Badala ya kuja mikono mitupu na sura ya msiba, walikuja na kitu. Mmoja akaleta shubiri iliyochimbuliwa kwenye mawe. Mwingine akaleta kijiti cha waridi kutoka misheni. Mwingine akaleta majani ya mtoni, yale mepesi kama manyoya, yanayoota kwenye miamba yenye unyevu. Makopo yakajipanga ukutani, na Mama Esta akayapenda yote kwa namna moja tu aliyoijua. Akayamwagia maji. Asubuhi alimwomba mama mkwe wake, bibi mmoja mkali aliyeitwa Mokami, amsogezee kata, naye akayanywesha. Jioni tena.

Waridi lilikufa kwanza. Yale majani ya mtoni yakakauka ncha, yakageuka kahawia, yakawa kama majani ya chai. Shubiri ililainika ikanuka. Hata mtoto wa ua la mama yangu alianza kuwa wa njano. Mkonge wa Simoni peke yake ulisimama, kwa sababu kopo lake lilikuwa limesukumwa chini ya kitanda ambako kata haikufika.

"Labda nyumba yangu haina mkono wa kuotesha kitu," alisema siku moja, na sikupenda jinsi alivyolisema.

Wakati huo kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa bado masikioni mwa watu, na mabwana afya walipita vijijini kukagua vyoo, kuangalia madirisha, na kuamuru makopo yenye maji yafukiwe kwa ajili ya mbu. Aliyekuja kwetu aliitwa Hezekia, kijana mwenye baiskeli na kofia ya kitambaa. Mokami alipomwona anaingia mstari wetu wa nyumba, alichukua kanga akaifunika safu nzima ya makopo, kisha akakaa juu ya kigoda mbele yake kama anayeatamia.

"Shikamoo, bibi," Hezekia alisema. "Hapo nyuma pana nini?"

"Marahaba. Pana kanga."

"Na chini ya kanga?"

Mokami hakujua kusema uongo wa pili. Hezekia akafunua. Aliyatazama makopo, akamtazama mgonjwa kitandani, na wote tukangoja hukumu. Akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye udongo wa kopo la kwanza. Kilipotoka kilikuwa kinadondosha maji.

"Mama, unayanywesha kama ng'ombe wa kiangazi," alisema polepole. "Haya hayana kiu. Haya yamezama."

"Nilidhani nayafanyia wema."

"Wema ni mwingi, ila hauna pa kutokea. Mna msumari?"

Msumari ukaletwa. Hezekia aliketi mlangoni na jiwe, akatoboa kila kopo matundu chini, maji meusi yakatoka, akayaweka kwenye vibao. Alimwambia Mama Esta asimwage tena maji mpaka kidole kilichoingizwa hadi kiungo cha pili kitoke kikavu. Kisha akainuka, akalitazama lile tundu lililoitwa dirisha.

"Na hapa hata moshi unashindwa kutoka. Mwanga utaingilia wapi? Mwambie mzee apanue, upande huu wa asubuhi. Mimi nitafurahi, maua yatafurahi, na macho yako yataacha kuwasha."

Simoni alipanua dirisha wiki ileile, kwa panga, kabla ukuta haujakomaa. Akatengeneza rafu ya mbao chini yake. Mama Esta aliona mti, akaona njia ya shuleni, akaona watu wanapita na kumpungia mkono. Alimwombea Bwana Afya yule kila Jumapili kwa jina, na mimi nilikuwa nasikia, kwa maana padri alikuwa hafiki kwake na tulisali pamoja, yeye Mkatoliki na mimi Msabato niliyeazimwa.

Kutoka hapo alijifunza kwa kutazama, maana kutazama ndiko alikoweza. Alikuwa na fimbo ndefu, akanionyesha kwa ncha yake: kopo hili sogeza karibu na dirisha, lile rudisha nyuma, hili geuza, linaegemea upande mmoja. Alitambua kwamba moshi wa jiko hufunika majani kwa masizi yakashindwa kupumua, basi akayapangusa moja moja kwa kitambaa kilichokamuliwa. Alikataa udongo mweusi wa bondeni unaoshika maji, akaagiza mchanga wa mtoni uchanganywe na mavi ya ng'ombe ya zamani yaliyokauka kabisa. Kiangazi alipunguza maji, na kipindi cha baridi akayapunguza zaidi.

Watu walipomletea kitu kipya alikishika kwanza, akakifinya.

"Lenye jani nene au mzizi mnene lina akiba yake," alisema. "Hilo hata nikilisahau litanisubiri. Hili lako jani ni laini na ua lake ni kubwa. Hili ni la jua. Likiingia humu litakufa kwa adabu tu, bila kunilaumu. Lipande nje."

Yale ya jua akanipa mimi nipande mbele ya nyumba. Yale yenye akiba akabaki nayo. Mkonge, shubiri mpya, ua la mama yangu ambalo ukilichimbua lina mizizi mieupe minene kama viazi vidogo, na jingine lenye shina nono na majani mazito yanayong'aa, ambalo hakuna aliyejua jina lake, akaliita Tomaso kwa sababu aliyelileta aliitwa Tomaso, balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi mwenyewe alijivuna sana. Akipita dirishani huuliza, "Mimi naendeleaje?" na Mama Esta humjibu, "Umetoa jani."

Lakini mguu. Fundi wa mifupa alirudi, akafungua vipande vya miti, akabonyeza, akasema mfupa umeshika vizuri na sasa ainuke. Mama Esta hakuinuka. Alisema kesho. Kesho ikafika akasema bado kuna maumivu. Mguu ulikuwa umekonda ukawa kama wa mtoto, na mimi nadhani alipoutazama hakuuamini tena kuubeba mwili wake. Mokami alikuwa akiukanda kila siku kwa samli, bila kukosa, huku akigomba. Msimu wa kupanda ukapita. Watu wakaenda shamba la kijiji, wakarudi, na yeye yuko palepale, anapangusa majani.

Mokami akaanza kusema mbele ya mwanawe maneno ambayo mama wa mume husema.

"Nyumba inataka mwanamke anayesimama. Sisemi umwache. Nasema uongeze."

"Mama," Simoni alijibu, "huyu bado anafanya kazi. Nenda dirishani ukaone."

"Kazi ya makopo."

"Ndiyo iliyopo sasa. Nyingine itakuja."

Mama Esta alisikia yote, maana ukuta wa udongo haufichi kitu. Aliponieleza hakumlaumu mama mkwe wake. Alisema, "Anasema, halafu anakuja kunikanda. Wako wanaosema tu."

Siku mguu ulipofunguka hasa, mimi nilikuwa kwangu nachambua mboga. Wengine wote walikuwa shamba la kijiji kuvuna pamba. Nikasikia kelele nyumbani kwa Mama Esta, kopo linaanguka, kisha sauti yake anakemea kwa Kikurya, kisha kishindo. Nikakimbia nikijua kabisa nakwenda kumwokota sakafuni.

Nilimkuta amesimama. Mbuzi wa jirani alikuwa ameingia kwa mlango uliosahauliwa wazi, akapanda na miguu ya mbele kwenye rafu, na ua la mama yangu lilikuwa nusu mdomoni mwake. Mama Esta alikuwa ameshika pembe kwa mkono mmoja na rafu kwa mkono mwingine, kanga imemlegea, anatetemeka kuanzia mabegani mpaka vidole vya miguu, na anamwambia mbuzi maneno ambayo sikuyaelewa na nilishukuru kutoyaelewa.

"Mtoe," aliniambia. "Mtoe kabla sijaanguka."

Nikamtoa mbuzi. Niliporudi alikuwa bado amesimama, ameegemea ukuta chini ya dirisha, anautazama mguu wake kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Umesimama, Mama Esta."

"Naona."

"Tangu kitandani mpaka hapa umepitaje?"

"Sijui. Nilimwona anakula mgeni wangu." Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukashikana, tukaketi sakafuni katikati ya udongo uliomwagika. Wavunaji waliporudi walitukuta bado hapo, tumeshazoa majani yaliyosalia na kuyarudisha kwenye kopo. Simoni alisimama mlangoni. Mkewe aliinua mkono, akamshika, akajivuta, akasimama tena mbele yake ili aone kwa macho yake. Mzee yule alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu. Mokami ndiye aliyezungumza.

"Huyo mbuzi ni wa nani? Apelekewe chumvi."

Na kweli akapelekewa.

Aliendelea kidogo kidogo. Kutoka kitandani mpaka kwenye rafu, kutoka kwenye rafu mpaka mlangoni, kisha uani. Simoni alimchongea fimbo nyingine, fupi, ya kutembelea. Mguu ulibaki mfupi kuliko mwenzake, na ukimwona anakuja kwa mbali unamjua kwa mwendo. Shamba hakurudi kulima kwa nguvu za zamani, lakini alipalilia, alipika, alikwenda kanisani mwenyewe.

Sasa niseme alichonifanyia mimi.

Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa. Sisi tulioolewa upande mmoja na kuzaliwa upande mwingine tulisikia habari kwenye redio kama wengine, tukadhani ni jambo la wiki chache. Halikuwa hivyo. Wakati huo tulikuwa tumehamia nyumba ya walimu ng'ambo ya korongo, karibu na shule. Ua langu mwenyewe, lile nililokuja nalo kutoka kwetu, lilikuwa limekufa. Nilikwenda Musoma kujifungua mtoto wa pili, nikamwachia Odera ua lile, naye kwa moyo mwema akalimwagia kila siku chai iliyobaki, na maziwa yake na sukari yake. Niliporudi nikakuta kopo limejaa sisimizi. Sikumgombeza. Nilijua mama yupo, nitaomba jingine.

Lakini mama hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mfanyabiashara wa ng'ombe aliyepita njia za vichakani ndiye aliyeleta habari, akasimama nje ya uzio akiwa ameshika kofia, akanieleza kwa Kijaluo kwamba mama aliugua kifua, akafa, na wameshamzika. Ndugu zangu walingoja kidogo wakijua kwamba siwezi kufika, kisha wakashindwa kungoja. Kwetu mtoto wa kike asipofika msibani kwa mama yake, hilo ni jambo zito. Nilikaa chini jikoni. Majirani walikuja, walimu wenzake Odera walikuja, wakaimba, wakapika. Niliwashukuru, lakini nilikuwa kama mtu aliye chini ya maji.

Siku iliyofuata nikamwona Mama Esta kwenye njia ya korongo. Hakuwa amewahi kufika kwangu tangu tuhamie, maana mteremko ule uliwashinda hata wenye miguu mizima wakati wa mvua. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine umekumbatia kitu kilichofungwa kitenge. Simoni alikuwa nyuma yake hatua chache, hamshiki, anamtazama tu asianguke. Niliinuka nimkimbilie, akanionyesha kwa kidevu nikae.

Alifika. Akaketi karibu nami chini, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi. Akafungua kitenge. Lilikuwa ua la mama yangu, lile aliloliokoa mdomoni mwa mbuzi, limekuwa kubwa, limejaa mpaka ukingo wa kopo, na vikonyo vyake vinaning'inia na watoto wengi.

"Mama yako sikumjua kwa sura," alisema. "Lakini mkono wake nimeishi nao nyumbani. Nimeamka nao kila siku. Niliposikia, nikasema huyu anarudi kwa binti yake."

"Nipe mtoto mmoja tu," nilimwambia. "Hili ni lako."

"Mimi nimeshajikatia watoto wangu. Mama mzazi ni wako."

Nilisema asante kwa Kijaluo, erokamano, bila kujua kama nimebadilisha lugha. Yeye akajibu kwa Kikurya. Kisha nikalia ule mlio ambao sikuwa nimeweza kulia tangu jana yake, na Mama Esta akanishika begani na hakuniambia ninyamaze. Simoni na Odera walikaa nje wakiangalia ng'ombe wa watu wanaopita. Jua lilipoanza kupoa aliinuka, akanielekeza niweke kopo mbali na jiko, akaondoka kwa mwendo wake ule.

Nilianza kula siku hiyo. Naandika haya nikiwa mzee na bado sijui ningetokaje pale bila yeye.

Baada ya hapo jina lake lilitoka nje ya kijiji. Zahanati yetu ilikuwa na chumba cha wajawazito wanaotoka mbali, wanaofika mapema na kungoja siku yao. Mkunga, dada mmoja aliyeitwa Selestine, aliona wanawake wale wanakaa wakitazama ukuta na kuogopa. Alikuja kwa Mama Esta kumwuliza kama kuna ua linaloweza kukaa katika chumba kama kile, chenye dirisha moja, ambako hakuna mwenye nafasi ya kulitunza.

"Yapo," Mama Esta alimwambia. "Ila nisikupe mazuri. Nikupe magumu."

Akampelekea mkonge kwa ajili ya kona ya giza, na Tomaso kwa ajili ya dirishani. Shubiri aliikataa, ina miiba na wanawake wataigusa. Alifundisha akina mama wenyewe kazi ya kidole: ingiza mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo uliogandamana, acha. Kila aliyengoja alipewa zamu yake. Selestine aliniambia kwamba wengine walipojifungua na kurudi kwao waliomba kipande cha kuondoka nacho, na kwamba kuna mtoto mmoja wa kiume huko upande wa Nata aliyeitwa Tomaso, na balozi wetu hajui mpaka leo kama ni kwa heshima yake au ya ua.

Mokami alifariki kwa uzee. Siku zake za mwisho Mama Esta ndiye aliyemkanda miguu kwa samli. Simoni hakuongeza mke.

Sisi tulihamishwa tena, safari hii kwenda Tarime mjini, tukapata nyumba Nkende. Ilikuwa nyumba ya bati na saruji, madirisha makubwa ya vioo, na nilijivunia sana. Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena, nilivuka pale Sirari na kaka yangu akanipeleka kaburini kwa mama. Niliketi pale asubuhi nzima, nikamweleza habari zote, pamoja na za Agustina Wegesa wa Morotonga.

Mwaka uliofuata Mama Esta mwenyewe alifika. Binti yake wa Genkuru alikuwa amejifungua mapacha, kwa hiyo Mama Esta akapanda basi kwa mara ya kwanza maishani, yeye na Simoni, na wakalala kwetu njiani. Kabla hata ya kunywa maji alizunguka nyumba yangu yote na fimbo yake akikagua.

"Dirisha hili linawaka mchana," alisema. "Weka pazia jepesi, majani yanaungua. Na hili hapa unalimwagia maji kupita kiasi."

"Ni Odera, mama."

"Mwalimu," alimwita mume wangu, "chai kunywa wewe."

Odera akainamisha kichwa kama mwanafunzi, na Simoni, mtu yule wa maneno machache, akacheka mpaka akafuta macho.

Nilikuwa nimepika samaki, sato wa kutoka ziwani, kwa maana kwetu mgeni mkubwa hapewi kitu kingine. Nilisahau kabisa kwamba wao ni watu wa nyama na maziwa, hawakuwahi kumtia samaki mdomoni. Sahani ilipowekwa wakatazamana. Nikataka kuinuka nikatafute mayai, lakini Mama Esta akanishika kanga nikae. Alifanya ishara ya msalaba, akashukuru kwa chakula, kwa basi, kwa mapacha, kwa nyumba tuliyomo na mikono iliyopika. Sala ilikuwa ndefu na nilijua sehemu yake ni ya kujipa moyo. Kisha akamega ugali, akachukua kipande kidogo cha samaki, akatafuna kwa makini huku mumewe akimtazama.

"Kina miiba," alimwambia Simoni. "Nenda polepole. Lakini ni chakula."